"Right" moja, kazi kibao

Kwa kuwa wengi wetu hapa tunasomea ualimu, na mazoezi ya kufundisha yanatusubiri, leo naomba tukae na haka kaneno ka Kiingereza kanakowatoa jasho watoto wa kidato cha kwanza: "right".

Jamani, haka kaneno kana kazi! Kikiwa kivumishi ni sahihi, "the right answer", au ni upande, "my right hand". Kikiwa nomino ni haki, tena inahesabika, ndiyo maana lile Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kwa Kiingereza lina "Rights" yenye "s". Kikiwa kielezi, "turn right" ni kata kulia, lakini "right now" ni sasa hivi. Halafu kuna kitenzi, "to right a wrong", yaani kurekebisha ubaya uliotendeka. Sisi kila maana ina neno lake. Mkono wetu wa kulia umepata jina kwenye kula, wa kwao umelipata kwenye kunyooka na kuwa sawa.

Sasa ongeza ndugu zake wanaotamkwa vilevile: "write" (kuandika), "rite" (ibada ya kimila au ya dini) na "wright" (fundi). Huyu wa mwisho amebaki ndani ya "playwright", mtunzi wa tamthilia, ambaye kwao ni fundi wa tamthilia, siyo mwandishi. Ila "copyright" ni haki, hakimiliki. Zamani hayakufanana hivi. Ile "w" ya "write" ilitamkwa, na "gh" ya "right" ilikaribia "kh" yetu ya kwenye "kheri". Sauti zikafa, herufi zikabaki kama makaburi.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwenye mazoezi, shule moja hivi, binti aliandika "I right my name". Mwalimu akaisoma kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko. Wiki zote nilizokaa pale sikumuona tena akinyoosha mkono.

Hebu tuwe wakweli. Huyu mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili, ambako unachosikia ndicho unachoandika. Akaingia sekondari, ghafla karibu kila somo Kiingereza. Alisikia sawasawa kabisa! Sikio lake halina kosa, Kiingereza ndicho kimempa sauti moja kwa maneno manne.

Mimi naona dawa siyo kukaririsha orodha. Tumuulize neno linafanya kazi gani kwenye sentensi. Baada ya "I" anataka kusema anatenda nini? Anaandika? Basi ni "write". Halafu mpe sentensi moja yenye yote: "Write the right answer on the right side." Aisome, atuambie ipi kitenzi, ipi sahihi, ipi kulia. Akishajua kazi ya neno, tahajia inapata pa kushika.

Tukienda huko, tusiwe walimu wa kuchekesha darasa kwa mgongo wa mtoto. Naye ana "right" yake, ile nomino: haki ya kukosea akiwa bado anajifunza.

Haya, nawahi semina. Maoni yenu jamani, hasa nyie wa Kiswahili na Kiingereza!