Bustani ya makopo Kariakoo

Niko likizo kwa bibi, Kariakoo. Joto la Dar mnalijua, lakini uani kwetu sasa hivi kumependeza ajabu. Bustani yenyewe ni makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka na beseni moja bovu. Asumini inafunguka jioni, harufu inakupokea mlangoni. Bogenvilia yeye kapandwa ardhini, kakwea ukuta mpaka kwenye bati, zambarau tupu.

Halafu walimu wenzangu, mnajua ile zambarau siyo ua? Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe kembamba katikati. Na mvua zikikata, badala ya kunyauka ndo kwanza linachanua.

Sasa wazee wamekubaliana: nyumba inauzwa, mnunuzi anapandisha ghorofa. Nyumba za uani Kariakoo zinaondoka hivyo hivyo, moja moja. Bibi anahamia Chanika kwa mjomba. Nikamuuliza, "Bibi, na maua je?" Akacheka: "Mjukuu wangu, makopo hayana miguu. Miguu yake wewe."

Basi asumini itapanda gari na kopo lake. Bogenvilia hang'oleki, mizizi imeshaingia chini ya ukuta. Nimekata vijiti kumi, unene wa penseli, nikavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Vikishika, viwili vya bibi Chanika, kimoja changu hosteli. Vinavyobaki ni vyenu. Anayetaka aje na kopo lake.