Simu haionyeshi miguu

Nafundisha vijana kucheza dansi hapa Tunda, Maniema, Kongo. Siku hizi nusu ya kazi yangu ni kuwaondolea waliyofundishwa na simu.

Ukiwatazama kwenye video utadhani wameiva. Usichokiona ni kwamba video nyingi zinakata miguu. Simu imesimamishwa wima juu ya kiti, inashika kifua, mikono na kiuno. Kijana anakuja kwangu na mikono mizuri, chini hamna kitu: visigino vinaelea, hajui uzito auweke mguu upi. Ndombolo, dansi yetu ya kiuno na miguu, ikichezwa namna hiyo ni kutikisa nguo tu.

Halafu kuna kushoto na kulia. Kamera ya mbele mara nyingi inageuza picha kama kioo, ya nyuma haigeuzi. Wawili wamejifunza mtindo uleule kwenye video mbili. Nikiwapanga mstari mmoja, huyu anatokea kulia, yule kushoto, wanagongana mabega. Kila mmoja anaapa mwenzake ndiye kakosea.

Wamezoea vipande vya sekunde 15. Sebene yenyewe, sehemu ya wimbo ya kucheza, inakwenda dakika kadhaa, na atalaku, yule anayewapigia wachezaji kelele, anabadilisha mtindo anapotaka. Kwenye harusi moja vijana wangu walimaliza kipande chao, wakakianza upya, kisha tena. Mpiga ngoma akaongeza mwendo kuwachokoza, hawakumsikia. Mama aliyekuwa anagawa chakula akaweka sahani chini, akaingia uwanjani, akamjibu mpiga ngoma kwa mabega tu. Watu wote wakamgeukia.

Sina ugomvi na simu. Mtandao ukipatikana, mimi pia natazama. Nawaonyesha mcheza dansi Faustin Linyekula, mwenye Studios Kabako huko Kisangani. Mwaka 2017 alicheza Banataba kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kazi iliyotokana na sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Amezunguka dunia, ameona ya kila mtu, lakini akicheza unajua ametoka wapi. Vijana wangu wananiuliza ana wafuasi wangapi.

Nikitaka kujua kama kijana ana mtindo wake, nazima muziki katikati. Wengi wanasimama palepale, wananiangalia niuwashe. Anayeendelea, hata akiyumba, huyo ndiye naanza kumfundisha.