Alice Springs: Mtoto, Mama na Mjusi Mwenye Ndevu

Akina mama wenzangu, mimi ni mwoga wa mijusi. Kwa zaidi ya miaka ishirini ya uuguzi nimeshika damu, usaha na watoto wachanga wa kila namna, lakini mjusi kafiri akianguka kutoka darini natoka nje mbio. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia kwamba nyumbani kwake nitalala chumba kimoja na mjusi, nilidhani ananitania.

Mdogo wangu ni muuguzi kama mimi. Alifiwa na mume mapema, na mwaka 2017 akapata kazi Alice Springs, katikati kabisa ya Australia. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka mitatu. Aliniachia mimi hapa Moshi, nikamlea pamoja na wanangu. Januari 2023, akiwa na miaka tisa, makaratasi yalikamilika akamfuata mama yake. Miezi michache baadaye nikapata ujumbe mfupi: "Dada, mtoto hanitaki. Njoo."

Nilifika Julai. Kule Julai ni majira ya baridi. Asubuhi nyasi zilikuwa na barafu nyembamba, na mchana jua likawaka katika anga la buluu lisilo na wingu hata moja. Ardhi ni nyekundu kama tofali. Mji uko mbali na kila kitu: ukitaka mji mkubwa ni kilomita zipatazo elfu moja na mia tano kwenda Darwin kaskazini, na zinakaribia hizo hizo kwenda Adelaide kusini. Kuna mto, Mto Todd, lakini usitafute maji. Nilivuka kwa miguu juu ya mchanga mkavu, katikati ya mikaratusi mikubwa. Waarrernte, wenyeji wa asili, huuita mji huo Mparntwe, nao husimulia kwamba milima iliyouzunguka ilitokana na viwavi wa kale. Ukiitazama jioni ilivyojipinda, utaona kweli ni viwavi.

Kama muuguzi sikuweza kuondoka bila kuiona Nyumba ya Adelaide, hospitali ya kwanza ya mji ule, iliyofunguliwa mwaka 1926. Kwa sababu ya joto la kiangazi waliijenga na njia ya hewa chini ya sakafu, hewa ipite penye magunia yaliyoloweshwa maji ndipo iingie wodini. Nilisimama pale nikafikiria wodi zetu za mwezi wa Februari.

Lakini nilikuwa nasema habari za mjusi.

Kijana alimwona mjusi wa aina hiyo mara ya kwanza alipopelekwa Kituo cha Reptilia cha mjini, ambako wageni huruhusiwa kumshika. Kuna pia kenge wa jangwani aitwaye perenti, anayeweza kupita mita mbili. Huyo nilimtazama kwa mbali. Mdogo wangu, akitafuta chochote kitakachomfurahisha mtoto, alimnunulia mjusi mchanga kwa mfugaji anayefuata sheria, maana kuwaokota porini hairuhusiwi. Alikuwa na urefu wa shubiri moja hivi pamoja na mkia, rangi ya mchanga, na miiba laini kidevuni kama ndevu. Kijana alimwita Babu.

Siku ya pili, nikitaka kumwonyesha mtoto kwamba sikuogopa, nilifungua sanduku la kioo, nikapeleka mkono kutoka juu nikamdaka Babu mgongoni. Mara ndevu zilifura zikawa nyeusi kama masizi. Alipanua kinywa, akachomoka, akajificha chini ya gogo. Siku nzima hakula.

"Mama, umemtisha!" kijana alinifokea. "Nilikuwa nimefika wiki ya tatu!"

Mimi ndiye aliyeniita Mama. Mdogo wangu alikuwa jikoni. Alifungua bomba la maji na kuanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nami nikiri hapa, kwa sababu ninyi ni wanawake wenzangu: nilihurumia, lakini nilipenda pia kuitwa.

Jioni kijana alikaa kunifundisha. Mjusi huyu, alisema, ana kitu kama jicho la tatu utosini. Halioni sura ya kitu, linatambua mwanga na kivuli. Porini kivuli kikipita juu yake ni mwewe, na mwewe ni kifo. Mkono unaoshuka kutoka juu kwake ni mwewe. Kwa hiyo mkono huingia pembeni na chini, polepole, mahali anapouona.

Wiki ya kwanza hakumgusa kabisa. Alikuwa anakaa tu kando ya sanduku akifanya kazi zake za shule, Babu aizoee sura na sauti yake. Wiki ya pili aliweka kiganja ndani, wazi, mbali na mjusi, dakika chache kila siku saa ile ile, bila kumfuata. Halafu akaanza kumlisha nyenje kwa kibano, akikisogeza kibano siku hadi siku karibu na kiganja. Nyenje asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi, asije akapaliwa. Majani ya kijani pia humpa, yaliyokatwa vipande vidogo. Akikubali kupanda kiganjani, humwinua kwa kumshika chini ya tumbo, miguu yote minne ikiwa imepata pa kukanyaga, na kumrudisha kabla hajachoka.

"Na akipunga mkono?" niliuliza, maana nilimwona akiinua mguu mmoja wa mbele na kuuzungusha polepole kama anayeaga.

"Hasalimii," alisema. "Anasema, mimi ni mdogo, usinidhuru."

Mambo mengine niliyaelewa kwa haraka, kwani yalikuwa ya kwetu wauguzi. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Chini ya taa moja panafika nyuzi arobaini hivi, na upande wa pili pawe na ubaridi ili achague. Taa nyingine hutoa miale kama ya jua, na asipoipata mifupa hulainika na kupinda: matege, akina mama, matege yale yale ya watoto wetu wasiotolewa juani. Na mimi nilichangia langu. Mijusi, hata wenye afya, hubeba vijidudu vya salmonela. Niliweka sheria: sabuni kila baada ya kumshika, asifike jikoni, asibusiwe, na mtoto wa jirani aliye chini ya miaka mitano asimguse. (Wanangu huku Moshi waliposikia habari hizi walitaka kukamata kinyonga. Niliwakataza. Kinyonga hapendi kushikwa, na sheria yetu hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali.)

Mdogo wangu alisikia mafundisho yote yale akiwa mlangoni. Uwanja wa ndege alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu zote za miaka sita, na mtoto akakakamaa kama ubao. Tangu hapo kila jioni ilikuwa maswali: umekula, unanipenda, mbona huongei? Hakuniambia neno usiku ule. Lakini kesho yake, alipotoka zamu ya usiku, hakwenda kulala. Alikaa sakafuni karibu na sanduku, bado na sare, kikombe cha chai mkononi, kimya. Kijana akaenda shule. Siku iliyofuata akafanya vile vile. Sikumuuliza.

Asubuhi ya tano au ya sita niliamka nikawakuta wote wawili. Kijana alichukua mkono wa mama yake, akaulaza ndani ya sanduku, kiganja juu.

"Usiusogeze," alisema.

Kiganja kilikuwa na joto la kikombe. Babu alitazama, akatulia, akatazama tena. Kisha akapanda, mguu mmoja, mguu wa pili, akajilaza bapa kwenye kile kiganja na kufumba macho. Mdogo wangu alikuwa analia bila kutikisika. Kijana alicheka, akaegemea bega lake ili aone vizuri. Hakumwita Mama. Hakumwita chochote. Mimi nilirudi chumbani nikafunga mlango.

Niliondoka mapema Agosti. Wiki chache baadaye nilipokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Babu alikuwa anajibua ngozi, kijana alisema, na yeye na mama walimlowesha kwenye maji ya vuguvugu ili ngozi ya vidole isimbane. Alikuwa na haraka, akisimulia kwa pumzi moja. Lakini alianza kwa salamu: "Shikamoo, mama mkubwa." Miaka sita niliyomlea hakuwahi kuniita hivyo.