Mto Kwenye Kadi

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Mvua haijakata tangu juzi. Alfajiri nilifunga kamera yangu ya GoPro kifuani nikashuka ukingoni mwa mto Mkondoa, nyuma ya shamba la bibi. Nimerekodi mara mbili. Ya kwanza saa 12:40 hadi saa 1:10 asubuhi, maji bado yako chini ya mizizi ya mkuyu. Ya pili saa 3:05 hadi saa 3:30, na hapo ukingo ukameguka mbele ya macho yangu, mistari minne ya mahindi ikaenda na maji. Katikati nilibadilisha betri. Naziandika saa hizi kwa sababu saa ya kamera siiamini.

Bibi alinifuata na mwavuli. Akanyoosha mkono katikati ya mto: "Mjukuu wangu, jiko langu lilikuwa pale." Ni kabla ya mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010, yale yaliyosomba reli kati ya Kilosa na Gulwe. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na huku kwetu waliipitisha kwenye bonde hilihili la mto. Ya reli yanakumbukwa na kila mtu. Ya jiko la bibi hayana hata picha moja.

Jumapili, 7 Aprili

Bodaboda hadi Kilosa mjini. Kijana wa steshenari amenipa kompyuta yake bila malipo, Mungu ambariki. Nikachomeka kadi ya kamera, nikaburuta video zote kutoka kwenye kadi moja kwa moja hadi kwenye Kdenlive, programu ya bure ya kuediti, nikaanza kukata. Saa nzima. Akaja mteja anayetaka kusafisha picha za pasipoti, kadi ikachomolewa, na video zangu zote zikapotea kwenye skrini.

"Kaka, kopi kwanza, kuediti baadaye," kijana akaniambia. Akanieleza vizuri: unapoingiza video, programu haiimezi. Inaandika tu mahali faili lilipo, kama mtu anayeandika namba ya nyumba. Nyumba ikihama, kwa programu hakuna kitu. Tumekopi folda nzima ya DCIM kwenye diski yake, kisha kwenye flashi yangu, bila kuacha hata vifaili vidogo nilivyotaka kufuta.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo nimeogopa kweli. Nilipanga vipande vya video kwa majina, nikatazama tangu mwanzo: mto umetulia, halafu shamba limemeguka, halafu mto umetulia tena na mahindi yamesimama. Ningeionyesha hivyo, nani angeniamini?

Nimekaa nayo mpaka nikaelewa. Kamera hii haitunzi video ndefu kama faili moja, huikata kila inapofika GB 4, kwangu dakika tisa hivi. Ni desturi iliyotokana na kadi za mfumo wa FAT32, ambazo hazipokei faili kubwa kuliko hapo. Kisha GoPro huzipa faili majina hivi: herufi GX, namba mbili za kipande, ndipo namba nne za video. Kwa hiyo GX010041 inafuatwa na GX010042, wakati mwendelezo wake halisi ni GX020041. Tarehe nayo haikunisaidia. Kila betri inapotoka, saa ya kamera huanza upya, kwa hiyo video zote mbili zinadai zimepigwa usiku wa manane, mwaka ambao kamera hii sikuwa nayo.

Nimefungua daftari hili nikapanga upya: namba nne za mwisho kwanza, ndipo namba ya kipande, na saa kutoka ukurasa wa Jumamosi. Faili saba nimezipa majina mapya kwenye nakala ya flashi, za diski nimeziacha kama zilivyo. Sasa maji yanapanda kama yalivyopanda.

Jumanne, 9 Aprili

Kompyuta inakwama kila sekunde. Video za GX zimebanwa kwa mfumo wa HEVC, na mashine ya zamani inahema kuzifungua. Dawa ilikuwa kwenye vifaili nilivyotaka kufuta! Vile vya LRV ni nakala nyepesi za video zilezile, na Kdenlive inakubali kuzitumia wakati wa kukata, kisha mwishoni inarudi kwenye faili halisi. Nimemaliza kabla ya futari. Dakika sita, sauti ya mto nimeiacha yote, muziki sikuweka.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Pilau kwa jirani. Sikugusa kitu.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumeionyesha kwenye kibanda umiza, banda letu la video, baada ya mkutano wa kijiji. Ukingo ulipomeguka watu walinyamaza. Mzee mmoja akaomba turudie, tukarudia mara tatu. Ndipo ikatajwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wengi wetu tunalima hadi majini, na bibi yumo. Wanakijiji wamekubaliana kuanza kupanda matete na kuacha kulima karibu. Nataka kurekodi kila masika, nikiwa nimesimama palepale kwenye mkuyu.

Jioni nimehesabu: kutoka ukingoni hadi ukuta wa nyumba ya bibi ni hatua 38. Novemba zilikuwa 52. Kadi sijaifuta.