Nyumba Huuzwa, Nyumbani Je?

Kiswahili humruhusu mtu kuuza nyumba, lakini hakimruhusu kuuza nyumbani. Neno likishapachikwa kiambishi -ni, hukoma kuwa jina la kitu na kuwa jina la mahali penye watu na kumbukumbu zao. Tofauti hiyo ndogo ya kisarufi ndiyo kiini cha majonzi yanayowapata wenyeji wengi wa Kwale wanapouza makao ya wazazi wao. Mnunuzi hulipia nyumba. Muuzaji huondokewa na nyumbani.

Tangu miaka ya 1960 na 1970, hoteli za kitalii zilipoanza kuongezeka katika ufuo wa Diani, ardhi ya pwani ya kusini ilipata bei ambayo mababu hawakuiota. Kiwanja ambacho babu alikithamini kwa idadi ya minazi yake, mgeni alikithamini kwa mandhari ya bahari. Ikumbukwe kwamba katika mila za Wadigo, mti na ardhi havikuwa lazima mali ya mtu mmoja. Mtu aliweza kumiliki mnazi aliouotesha katika ardhi ya mwingine. Aghalabu hati miliki haikuuhesabu uhusiano wa namna hiyo. Ilihesabu ekari.

Ni desturi ya wengi kumlaumu auzaye. Husemwa kwamba ni mlafi, au kwamba amekula urithi wa wanawe. Lawama hiyo haina uadilifu. Aghalabu auzaye husukumwa na bili ya hospitali, karo ya shule, deni lililokomaa, au mirathi inayogawiwa warithi kumi katika kiwanja kisichotosha watatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayeirithi ardhi bila deni hawezi kumpima anayeirithi pamoja na deni.

Hebu mzee wa Ukunda achukuliwe kuwa mfano. Siku mpima ardhi anapofika kuhakiki mawe ya mipaka, mzee humwonyesha kila jiwe bila kusita, kana kwamba jambo lenyewe ni la mtu mwingine. Kinachomshinda ni vitu visivyomo kwenye ramani. Upo mwembe ambao chini yake kilizikwa kitovu cha mwanawe wa kwanza. Kipo kisima ambacho majirani huteka maji bila kubisha hodi. Yapo makaburi ya wazazi nyuma ya nyumba, na baraza ambayo mkewe amekaa akisuka ukili kwa miaka 40. Mnunuzi akiuliza kama kuna jambo jingine la kuzungumzwa, mzee hujibu kwamba hakuna. Majibu ya aina hiyo ndiyo huwanyima watu usingizi baadaye.

Huzuni hii ina ugumu wa pekee, kwa kuwa haina matanga. Mtu akifariki dunia, majirani hukusanyika, hitima husomwa, chakula hupikwa, na mfiwa huambiwa pole mpaka moyo uanze kutulia. Nyumba ikiuzwa, hapana anayekuja kutoa pole. Kinyume chake, watu huja kupongeza, na wengine huja kukopa. Maadamu amelipwa, muuzaji huonekana hana haki ya kulia. Basi hulia kwa njia nyingine: hupita njia ndefu ili asiuone ukuta mpya, au hukaa kimya vijana wanapotaja mahali hapo kwa jina la hoteli badala ya jina la ukoo.

Sheria za Kenya zimejitahidi kuzuia dhuluma. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 huitaka bodi itoe idhini kabla ya shamba kuuzwa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hukataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mume na mke. Hizo ni ngao za maana, hasa kwa akina mama ambao zamani waliarifiwa baada ya fedha kupokelewa. Hata hivyo, idhini si maagano. Mke anaweza kutia sahihi akijua kwamba mtoto mgonjwa hana dawa nyingine, na bado moyo wake ukabaki barazani.

Ipo pia hali ya wale ambao hawakwenda kumtafuta mnunuzi. Katika eneo la Msambweni, familia zilihamishwa na kulipwa fidia ili kupisha machimbo ya madini ya titani, ambayo yalianza uzalishaji mwaka 2013 na kukoma Desemba 2024. Aliyeuza kiwanja Diani angali anaweza kusimama barabarani na kuuona mwembe wake juu ya ua. Aliyehamishwa na machimbo hana hata faraja hiyo, kwa kuwa mchanga wenyewe alimozaliwa ulichimbwa na kupinduliwa.

Wahenga wa Kimijikenda walikwisha kuukabili msiba wa kuhama. Makaya yao, ambayo baadhi yake UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, yalikuwa vijiji kabla ya kubaki misitu mitakatifu. Watu walihamia nje, lakini hawakuondoka kama waliofukuzwa. Walibakiza wazee wa kutunza, maombi, na miiko. Hadi leo mgeni anayeingia Kaya Kinondo hujifunga kaniki nyeusi.

Si kila ukoo unaweza kubakiza msitu, lakini kila ukoo unaweza kuagana. Kabla ya sahihi kutiwa, wanawe wote na waitwe, wa kike kwa wa kiume, kila mmoja aseme analoliacha. Majirani wa kisimani waarifiwe. Njia ya kwenda makaburini iandikwe katika mkataba, isiachiwe hisani ya mlinzi wa lango. Dua isomwe, na wakati wa kuondoka nazi chache za mbegu zichukuliwe zikapandwe waendako. Mnazi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Yamkini huo ndio muda ambao nyumba mpya huhitaji ili iwe nyumbani.