Ufa wa Kibuyu

Msomaji mpenzi, nataka kukusimulia habari za kibuyu. Yamkini utasema kwamba kibuyu ni kitu duni mno kuandikiwa insha, hasa katika kitabu ambamo wenzangu wameandika habari za uhuru, ndoa na safari za mbali. Nivumilie kidogo. Mimi ni mwalimu huku Ainabkoi, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, mahali ambapo baridi ya asubuhi huwaingiza wanafunzi darasani mikono yao ikiwa kwapani. Katika nchi hii ya ng'ombe na viazi, kibuyu cha maziwa ndicho chombo kilichopata mapambo kuliko vyombo vyote vya jikoni, na aghalabu jina la aliyekipamba halijulikani nje ya kijiji chake.

Wakalenjin hukiita sotet. Mmea wake hauipendi baridi yetu. Vibuyu vingi tunavyotumia hupandishwa kutoka bonde la Kerio, ambako jua ni kali. Tunda huachwa likomae mpaka ganda likigongwa lilie kama ubao. Hutobolewa shingoni, hutiwa maji, na nyama yake huachwa ioze ndani kwa siku kadhaa. Kisha hukwanguliwa, huoshwa, huoshwa tena, mpaka uchungu wote utoke. Harufu ya kazi hiyo haisifiki. Chombo kikisha kukauka, kijiti cha mti wa senetwet huchomwa kikawa kaa, na kaa hilo husuguliwa ndani kwa ufito mrefu uitwao sosiot. Hilo ndilo linaloyapa maziwa ya mursik rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Mapambo hukaa nje: mkanda wa ngozi, shanga zilizoshonwa safu kwa safu, na simbi zilizosafiri kutoka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka kwetu milimani.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, nilikuta maktabani kitabu chenye picha za kazi za mikono za Wajapani. Humo nilikutana na jina la Yanagi Soetsu, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1961. Bwana huyo aliwahimiza watu wa nchi yake watazame bakuli la mkulima, kikapu na kitambaa cha kila siku, kazi za mafundi wasioandika majina yao, akadai kwamba uzuri wa vitu hivyo huzaliwa na matumizi. Mwaka 1936 alifungua jumba la makumbusho mjini Tokyo kwa ajili ya vitu vya namna hiyo. Nilisoma habari zile nikakumbuka kigingi cha jikoni kwetu, na kibuyu kilichoning'inia hapo miaka yote ya utoto wangu bila mtu kukiita sanaa.

Lakini ukurasa ulionishika zaidi ulihusu vyombo vilivyovunjika. Wajapani wanao mti ambao utomvu wake, urushi, huwasha ngozi ukiwa mbichi, na hukauka vema katika hewa yenye unyevu. Jambo la ajabu kwetu sisi tunaoanika kila kitu juani. Kwa utomvu huo fundi huunganisha vipande vya bakuli, kisha hunyunyiza unga wa dhahabu juu ya mshono. Ufa haufichwi. Sanaa hiyo huitwa kintsugi.

Sasa nitakuambia alivyofanya nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi wajukuu tulimwita kogo. Kibuyu chake kilipopata ufa, alichukua msharasi uliopashwa moto, akatoboa vitundu pande mbili za ufa, akaushona kwa kano la ng'ombe kama mtu ashonaye jeraha. Juu ya mshono alipitisha safu ya shanga nyeupe. Hakuwa na dhahabu, wala hakuwa amesikia habari za Japani. Chombo hicho hakikurudishiwa maziwa; kilipewa kazi ya kutunza mbegu. Nami, kwa kusema kweli, naupenda mshono wake kuliko ule wa dhahabu, kwa kuwa dhahabu humpendeza mtazamaji, na kano hufanya kazi yake tu.

Tena mmea wa kibuyu asili yake ni Afrika, nao ulifika Japani zamani sana: mabaki yake yamefukuliwa Torihama, katika makao ya watu walioishi huko maelfu ya miaka iliyopita. Basi tusione haya kuzungumza nao kama jirani na jirani.

Mwaka 1974 Japani ilitunga sheria ya kuzitegemeza kazi za mikono za jadi. Kwetu mtungi wa plastiki umechukua mahali pa sotet katika nyumba nyingi. Hauvunjiki upesi, na mama mwenye ng'ombe watatu na watoto sita hastahili kulaumiwa kwa kuununua. Vibuyu vyenye shanga nyingi kupita zote sasa huonekana kwenye kiwanja cha ndege, wanariadha wetu wanaporudi na medali. Navifurahia, ingawa vingine vimeremetavyo huwa havijapata kulala na maziwa hata usiku mmoja.

Wala sitakuficha neno zito. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi uliokuta katika baadhi ya mursik kemikali ya asetaldehidi, inayohusishwa na saratani ya umio, maradhi yanayojulikana mno katika sehemu zetu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, je, tuvitupe vibuyu? Nilimjibu kwamba habari za maziwa tuwaachie wataalamu, tuwasikilize, na ufundi wa chombo tuujifunze hata kama kitatiwa mbegu.

Muhula uliopita nilimwalika mama mzee wa jirani aje darasani na kibuyu chake chenye ufa. Msichana mmoja akamwuliza, "Kogo, mbona usinunue kingine?"

"Hiki kimewalea wanangu," alijibu, akaendelea kupasha msharasi.

Wanafunzi 38 walitazama. 4 walikubali kushika sindano. Mvulana mmoja alishona vitundu sita, akaomba ruhusa ya kubaki wakati wa mapumziko, kwani kano lilikuwa limeanza kukauka na mzee alitaka kwenda kukamua.