Daftari la Alhamisi

Alhamisi, 4 Julai 2024

Klabu ya biashara imekutana baada ya vipindi. Nimewauliza kidato cha tatu swali moja: ukinunua hisa za Safaricom leo, pesa zako zinaingia mfukoni mwa nani? Wakajibu kwa sauti moja, "Safaricom, Mwalimu." Siwalaumu, kuna watu wazima wenye akaunti za hisa (CDS) tangu zamani wanaoamini hivyo hivyo.

Nikawarudisha 2008. Hisa bilioni 10 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, jumla bilioni 50, na hata siku hiyo pesa hazikwenda kwa kampuni. Aliyekuwa akiuza ni serikali, ikipunguza fungu lake, kwa hiyo malipo yakaingia Hazina. Tangu hapo kila anayenunua ananunua kwa mtu mwingine aliyeamua kuachia. Mvulana wa mbele akakunja uso: "Sasa huyo anayeuza, mbona anauza kama ni kitu kizuri?"

Hilo ndilo somo lote. Mengine ni hesabu. Nimeandika ubaoni NANI ANAKUUZIA, NA ANAJUA NINI? nikawaomba wasifute.

Alhamisi, 18 Julai

Habari za Bamburi zimenifaa kuliko kitabu chochote cha kiada. Amsons wa Tanzania wametangaza kwamba wako tayari kununua kila hisa ya Bamburi Cement kwa shilingi 65, wakati sokoni ilikuwa ikicheza kwenye 45. Nusu ya darasa hupita mbele ya kiwanda chake hapa Mombasa kila siku. Wengine babu zao walikifanyia kazi.

Nilikata vikaratasi vya hisa, kila mtu akapata vitano na shilingi elfu moja za kuigiza. Halafu, kabla soko halijafunguliwa, nikawapa watano tu barua iliyokunjwa: "Kesho itatangazwa bei ya 65." Wengine hawakuambiwa kitu.

Dakika kumi za kelele. Wale watano walijaribu kujizuia, lakini msichana mmoja alinunua kwa 46, kwa 48, kwa 50, macho yakimng'aa. Waliomuuzia walishangilia kwa kupata faida ya shilingi tano. Nikasimamisha soko na kusoma barua kwa sauti. Kimya, kisha mzozo! Mmoja alidai arudishiwe vikaratasi vyake, akasema ameibiwa. Nikamwambia sheria ya masoko ya mitaji inakubaliana naye: kununua kwa siri ya ndani ni kosa la jinai. Yule msichana alikataa kurudisha hata kimoja. "Ulinipa wewe barua, Mwalimu." Sikuwa na jibu la haraka.

Alhamisi, 25 Julai

Swali limekuja kama nilivyojua litakuja, na kwa heshima: "Mwalimu, hii kitu ni halali?"

Hapa Mombasa huwezi kulikwepa, na sioni kwa nini ulikwepe. Wameorodhesha wenyewe. BAT, sigara, nje. EABL, bia, nje. Kwenye benki za KCB na Equity wakasita, kisha wakasema riba, nje. Bamburi? Saruji haina ubaya. Ila nikawaonyesha mstari wa mikopo katika mizania, kwa sababu kampuni yenye biashara safi inaweza kuwa imekopa kwa riba. Kigezo kinachotumika sana katika fedha za Kiislamu ni kwamba deni la riba lisifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na kipato kidogo kisicho halali kitolewe sadaka. Kufikia hapo ilibidi wajue thamani ya kampuni sokoni hupatikanaje: hisa zote mara bei. Bamburi ina hisa kama milioni 363. Kwa 65 ni karibu bilioni 23.6.

Hawa wamesoma mizania leo kwa hiari yao, jambo ambalo mtaala haujawahi kuwafanyisha. Hukumu yenyewe nimewaachia walimu wao wa dini. Mwenzangu wa elimu ya dini ya Kiislamu (IRE) ameahidi kuja, na nadhani atakuja na maoni makali.

Alhamisi, 5 Septemba

Binti wa Kisauni amenakili ujumbe wa M-Pesa wa mamake nyuma ya daftari, maana simu haziruhusiwi shuleni. Mgao wa Safaricom. Wana hisa 420 tangu 2008. Mgao wa mwisho ni senti 65 kwa hisa, yaani 273, toa kodi ya asilimia 5, zikabaki 259.35.

Darasa limecheka. Shilingi mia mbili na hamsini na kitu, baada ya miaka kumi na sita! Nikawaacha wacheke, kisha tukahesabu. Hisa 420 zilinunuliwa kwa 2,100. Ukijumlisha na mgao wa awali wa senti 55, mwaka huu kila hisa imeleta 1.20, jumla 504 kabla ya kodi. Karibu robo ya pesa zilizowekwa, kwa mwaka mmoja. Kicheko kikapungua. Nikaongeza upande wa pili ili wasitoke wamelewa: 2,100 za 2008 zilinunua unga mwingi kuliko za leo, na bei ya hisa hiyo hiyo iliyopita 40 mwaka 2021 ilikuwa chini ya 15 kufikia mwisho wa 2023.

Kilichonigusa ni alichosema baadaye, akiwa anafunga mkoba. Babake pia alinunua, kwa mkopo wa benki. Bei ilipoporomoka 2009 benki ilitaka chake, akauza zote kwa shilingi tatu na kitu. Mama hakuwa na mkopo, akazisahau. Nyumba moja, hisa zilezile.

Kwa hiyo ubaoni tumeongeza: HUENDA ANAUZA KWA SABABU ANADAIWA.

Alhamisi, 12 Septemba

Savannah Clinker nao wamejitokeza kuitaka Bamburi, wanasema 70 kwa hisa. Wanafunzi wameanza kutabiri 80, 90. Nimewakumbusha kwamba Holcim ndio wenye asilimia 58.6 ya Bamburi, na mwenye fungu hilo haangalii bei peke yake, anaangalia pia nani anaweza kulipa kweli na lini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wavulana wawili wanacheza kamari ya Aviator na wanaamini hisa ni Aviator ya polepole. Sikuwahubiria. Nimewapa kazi ya kuhesabu gharama: ada za wakala na soko ni asilimia mbili na ushei ukinunua, na tena ukiuza. Mtu anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa, kila wiki, mtaji wake unaliwa hata kama bei haikusogea. Mmoja aligundua kwamba kufikia Krismasi angebaki na theluthi moja hivi ya alichoanza nacho mapema Julai. Alirudia hesabu, akidhani amekosea nukta.

Kidato cha nne wanaanza mtihani. Klabu inapumzika.

Alhamisi, 19 Desemba

Ya Bamburi yamekwisha. Savannah walijiondoa, Amsons wamekusanya zaidi ya asilimia 96 kwa bei ile ile ya 65. Yule msichana wa barua amenitumia ujumbe kwa simu ya kakake: je, waliokataa kuuza watafanyaje? Nimemjibu kwamba mnunuzi akishapata asilimia 90 ya hisa alizoombea, sheria ya kampuni inamruhusu kuwanunua waliobaki kwa lazima. Akaandika, "Kwa hiyo safari hii muuzaji hana hiari." Swali letu la ubaoni halikuwa na nafasi ya hilo. Itabidi tulipanue.

Januari tunahitaji kampuni nyingine ya kufuatilia. Wamepiga kura kwenye kundi la WhatsApp la likizo, na ushindi ni wa Kenya Power, kampuni ileile wanayoitukana kila stima ikipotea. Bei yake imepanda zaidi ya mara mbili mwaka huu na hawaelewi kwa nini. Nimekubali, kwa sharti kwamba kila mmoja aje na ripoti ya mwaka iliyochapwa, kurasa za mikopo zikiwa zimepigiwa mstari. Tayari mmoja ameuliza kama anaweza kuleta ya mwenzake.